Klipu ya saa nne usiku: je, sauti ya kughushi inaweza kuitikisa nchi?

*"Mtaalamu, shikamoo. Nasimamia grupu la WhatsApp la wazazi, tuko zaidi ya 200. Majuzi saa nne usiku nilitumiwa klipu ya sauti ya sekunde 40 hivi. Aliyekuwa akizungumza alisikika kabisa kama mkuu wa majeshi. Alisema askari wote walio likizo warudi kambini kabla ya alfajiri na raia wasitoke nje. Mdogo wangu ni askari na wakati huo alikuwa likizo. Nilishikwa na hofu nikaituma kwenye grupu papo hapo. Nusu saa haikuisha watu walikuwa wanapigiana simu, wengine wanafungasha. Asubuhi jeshi likakanusha. Nimeomba radhi lakini aibu haijanitoka. Mume wangu ananiambia nisijitese, uongo ulikuwepo tangu enzi za mababu na nchi haijaanguka. Mwanangu anasema zipo programu za simu zinazotambua sauti za namna hii. Nani yuko sahihi? Hizi ni hatari kweli kwa usalama wa taifa au tunatishana tu? Na mimi ningejuaje?"*

Marahaba, dada. Nianze na hiyo aibu, kwa sababu naona ndiyo inayokukosesha usingizi kuliko klipu yenyewe. Klipu ile ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe: mwenye ndugu jeshini, mwenye watu wanaomwamini, na mwenye simu mkononi saa ambayo ofisi zote zimefungwa. Ulichofanya ndicho mtengenezaji alichotarajia. Kosa lipo, na umeliomba radhi. Tulitazame sasa bila kujilaumu, kwa sababu namna lilivyotokea inajibu karibu kila ulichouliza.

Nianze na mumeo, maana ana hoja. Uongo wa kuchonganisha mataifa ni wa kale. Mwaka 1870 mfalme wa Prussia, dola ya Wajerumani, alikutana na balozi wa Ufaransa katika mji wa Ems, na taarifa ya mazungumzo yao ikatumwa kwa simu ya maandishi kwa waziri wake mkuu, Bismarck. Bismarck aliifupisha hadi ikasomeka kana kwamba mfalme na balozi wametukanana, kisha akaitoa magazetini. Hiyo ilikuwa tarehe 13 Julai. Tarehe 19 Julai Ufaransa ikatangaza vita. Hakukuwa na kompyuta wala akili unde (AI), ilikuwa kalamu tu. Lakini mumeo anaposema nchi haijaanguka kwa uongo, hapo simuungi mkono. Vita ile ilimwondoa mtawala wa Ufaransa madarakani na kubadili ramani ya Ulaya.

Tusogee karibu na zama zetu. Mei 2017 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya shirika la habari la Qatar na kuweka maneno yaliyodaiwa kusemwa na Amiri wa nchi hiyo. Qatar ilikanusha upesi ikasema imedukuliwa, lakini vyombo vya habari vya majirani viliendelea kuyarudia. Tarehe 5 Juni Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano nayo. Mpaka wake pekee wa nchi kavu ukafungwa, na mgogoro ukadumu hadi Januari 2021. Ukweli ni kwamba nchi hizo zilikuwa na kinyongo cha miaka mingi, na maneno yale ya kubandikwa yalikuwa njiti ya kiberiti iliyotupwa kwenye nyasi kavu. Lishike hili, maana ndiko hatari ilipo: habari ya uongo huwaka vizuri pale ambapo watu tayari wanashukiana. Nchi yenye wasiwasi wa uchaguzi, wa mpaka au wa kabila ni nyasi kavu, na mwenye njiti hahitaji kuwa fundi hodari.

Watu wengi pia hudhani viongozi wana njia zao za siri za kupata habari, kwa hiyo klipu za mitandaoni haziwagusi. Ni kweli kwamba amri za kijeshi hupita kwenye mifumo yake na huthibitishwa, wala kikosi hakitoki kambini kwa sababu ya sauti ya WhatsApp. Lakini viongozi nao ni watu na simu wanazo. Desemba 2016 tovuti moja ilichapisha habari ya uongo kwamba Israel imetishia kuishambulia Pakistan kwa silaha za nyuklia. Waziri wa Ulinzi wa Pakistan wakati huo, Khawaja Asif, aliisoma akajibu hadharani kupitia Twitter, akiikumbusha Israel kwamba Pakistan nayo ni dola ya nyuklia. Israel ikasema habari hiyo ni ya kubuni tangu mwanzo. Yaani waziri wa nchi yenye silaha za nyuklia alijibu kitisho ambacho hakikutolewa na mtu yeyote. Hapo hapakuwa na picha wala sauti. Jiulize ingekuwaje kama pangekuwa na video.

Sasa kipi ni kipya? Ni gharama, na ni aina ya ushahidi unaoghushiwa.

Zamani kuigiza sauti ya mtu kulihitaji msanii mwenye kipaji. Leo programu hufundishwa kwanza kwa maelfu ya saa za sauti za watu mbalimbali. Inajifunza namna binadamu anavyovuta pumzi, anavyoshusha sauti mwisho wa sentensi, anavyokaza neno akikasirika. Ikishajua kazi ya sauti kwa jumla, kumwiga mtu mmoja ni jambo dogo. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mfumo uliohitaji sampuli ya sekunde 3 tu. Mkuu wa majeshi ana hotuba za saa nzima kwenye intaneti. Video nazo zina historia yake: mwaka 2014 mtafiti Ian Goodfellow na wenzake walibuni njia ya kuzifundisha programu mbili kwa kuzishindanisha, moja ikighushi picha na nyingine ikikagua. Kila mkaguzi anapokamata kosa, mghushi anajifunza kulificha. Siku hizi zipo njia nyingine pia, lakini ushindani ule unakueleza kwa nini alama za kutambulia hazidumu. Mwaka 2018 watafiti waligundua kwamba nyuso za kughushi hazipepesi macho ipasavyo. Haukupita muda mrefu zikaanza kupepesa. Kwa hiyo yale mafunzo ya "hesabu vidole, angalia meno, tazama kope" yalikuwa na maana siku yalipoandikwa. Leo yanaweza kukudhuru, kwa sababu ukihesabu vidole ukakuta vitano utaamini.

Hapo namfikia mwanao. Programu za kutambua zipo, na mimi huzitumia kazini. Lakini ngoja nikueleze inavyokuwa ninapoletewa klipu kama yako. Naiweka masikioni na kuirudia mara ishirini, thelathini. Nasikiliza pumzi: je, msemaji anavuta hewa kabla ya sentensi ndefu, au maneno yanamwagika kama maji ya bomba? Nasikiliza chumba: sauti ya mtu aliye ofisini hugonga kuta ikarudi, na mlio wa nyuma hubadilika akigeuza kichwa. Nasikiliza Kiswahili chenyewe. Mifumo mingi imelishwa Kiingereza kwa wingi na lugha zetu kwa uchache, kwa hiyo wakati mwingine hujikwaa kwenye ng' ya ng'ombe, au hukaza silabi isiyostahili katika jina la mtu. Baada ya hayo ndipo naipa programu, nayo hunijibu kwa asilimia: pengine 60, pengine 80. Haisemi ndiyo wala hapana.

Tatizo ni kwamba klipu inayokufikia wewe imeshapita simu kumi. WhatsApp huibana sauti ili isile bando, na katika kubana hufuta zile chembe ndogo ambazo programu huzitafuta. Huenda ikaiita ya kughushi sauti ya kweli iliyorekodiwa vibaya, na ikaipitisha ya kughushi iliyotengenezwa vizuri. Masikio ya binadamu nayo yana mipaka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, uliotolewa mwaka 2023, ulikuta wasikilizaji walitambua sauti za kughushi kwa asilimia 73. Hao walikuwa watu waliotulia na walioambiwa wazi kwamba kazi yao ni kutafuta uongo. Hawakuwa na ndugu jeshini saa nne usiku.

Kwa hiyo jibu langu kwa "ningejuaje" huenda lisikuridhishe mwanzoni: kwa kuisikiliza ile klipu, pengine usingejua. Hata mimi pengine nisingejua usiku ule. Tumelelewa tukiambiwa mwenye macho haambiwi tazama, na sasa macho na masikio hayatoshi. Kinachokaguliwa ni njia iliyopita habari.

Nikirudi kwenye usiku wako utaona ninamaanisha nini. Klipu ilisema askari walio likizo warudi kambini. Askari huitwa na kikosi chake. Huitwa na mkubwa wake anayemfahamu, kwa utaratibu wao. Wewe ulikuwa na namba ya mtu mmoja ambaye, kama amri ile ingekuwa ya kweli, angekuwa wa kwanza kuijua: mdogo wako. Simu moja tu, "mdogo wangu, mmeitwa?", ingekupa jibu ambalo hakuna programu duniani ingeweza kukupa. Sisemi hivi kukusuta. Hofu humfanya mtu atazame kile alichoshikilia mkononi na kusahau watu alionao. Ndiyo maana nataka uliweke kichwani mapema, kabla ya klipu ijayo: nani, ninayemfahamu mimi, angekuwa na habari hii kama ni kweli?

Kisha tafuta shahidi wa pili asiyetokana na wa kwanza. Mei 2023 ilizagaa picha ya moshi mzito ikidaiwa kuwa mlipuko karibu na Pentagon, makao ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Soko la hisa la New York liliyumba kwa dakika chache kabla ya zimamoto wa eneo hilo kusema hakuna kilicholipuka. Fikiria: jengo lenye maelfu ya wafanyakazi, kando ya barabara kuu, mchana kweupe, na picha ni moja tu? Tukio kubwa la kweli hupigwa picha na watu mia kutoka pembe mia. Habari kubwa yenye picha moja au sauti moja, hata ikirudiwa mara elfu, ina shahidi mmoja tu. Ukipokea kitu kile kile kutoka kwa watu wanane wa grupu nane, usihesabu mashahidi wanane. Tazama pia mishale miwili ambayo WhatsApp huweka juu ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Maana yake ni kwamba umepita mikono mingi, na huenda aliyekutumia hajui ulikotoka, wala aliyemtumia yeye.

Jingine ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba sehemu kubwa ya upotoshaji unaovuruga amani hauna teknolojia yoyote mpya. Ni video ya zamani iliyopewa maelezo mapya, au picha ya nchi nyingine. Novemba 2022 watengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 walilazimika kutoa maelezo kwa sababu vipande vya mchezo wao vilikuwa vikisambazwa kama picha halisi za vita. Ukiwa na jicho la kutafuta akili unde tu, haya yote yatakupita.

Kuna upande wa pili wa hatari hii ambao mimi binafsi unanitisha zaidi. Rais Ali Bongo wa Gabon aliugua kiharusi Oktoba 2018, na kwa wiki nyingi wananchi hawakuelezwa waziwazi hali yake. Kwa ajili ya mwaka mpya serikali ikatoa video yake akihutubia. Alionekana amekakamaa, macho yake si ya kawaida. Wapinzani wakasema ni ya kughushi. Tarehe 7 Januari 2019 kundi la wanajeshi likateka redio ya taifa na kujaribu kupindua serikali, likitaja hotuba ile kuwa haikuondoa shaka juu ya afya ya rais. Jaribio lilishindwa siku hiyo hiyo. Wachunguzi walioipitia video hawakupata ushahidi kwamba ilighushiwa. Ilikuwa video ya mtu mgonjwa. Unaona? Kule kujua tu kwamba kughushi kunawezekana kulitosha kuifanya video ya kweli isiaminike. Mlango huo ukifunguka, kila mla rushwa atakayerekodiwa atasema "hiyo ni akili unde", na kila raia atakuwa huru kuamini anachotaka. Kwa hiyo usihamie upande wa kutoamini chochote. Asiyeamini chochote hudanganyika kwa urahisi kama anayeamini kila kitu.

Serikali zifanye nini? Hujaliuliza moja kwa moja, lakini usalama wa taifa hauwezi kubebwa na akina mama wasimamizi wa magrupu. Mfano ninaouheshimu ni wa Ukraine. Mwanzoni mwa Machi 2022 maofisa wake waliwaonya wananchi mapema kwamba huenda ikatolewa video ya kughushi ya Rais Zelensky akitangaza kusalimu amri. Tarehe 16 Machi ikatoka kweli, tena kupitia tovuti ya kituo cha televisheni iliyodukuliwa. Muda mfupi baadaye Zelensky mwenyewe akajitokeza kwa video akaikana. Video ile ilikuwa duni, kichwa hakikukaa sawa shingoni, na hilo lilisaidia. Lakini naamini kilichoiua zaidi ni watu kuambiwa kabla, na mhusika kujibu haraka kupitia njia wanayoijua. Linganisha na usiku wako: klipu ilitoka saa nne, kanusho likaja asubuhi. Mwanya huo wa usiku mzima ndio udhaifu wa usalama. Jeshi au wizara inayochukua muda wa saa nane kujibu imeiachia klipu uwanja.

Sheria zinahitajika, na mwendo wake ni wa taratibu. Januari 2024 wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu yenye sauti ya kughushi ya Rais Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo. Mshauri wa siasa aliyeiagiza alitozwa faini ya dola milioni 6, lakini hiyo ilikuja miezi kadhaa baadaye, kura zikiwa zimeshahesabiwa. Slovakia nayo, siku mbili kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Septemba 2023, ilisambaa sauti ya kughushi ya kiongozi wa chama kimoja eti akipanga wizi wa kura, tena ndani ya saa 48 ambazo kisheria wanasiasa na vyombo vya habari hutakiwa kukaa kimya kuhusu kampeni. Chama chake kilishika nafasi ya pili. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba klipu ndiyo iliyoamua, na nawasihi wanaolitaja tukio hili wasilikuze kupita kiasi. Ila saa ilichaguliwa kwa makini, kama ilivyochaguliwa saa yako.

Kuzima intaneti siungi mkono. Uvumi husafiri hata kwa mdomo, na ukizima umezima kanusho pia. Mdogo wako usingempata kwa WhatsApp.

Kuna hali ambazo ushauri wa kusoma hautoshi, inabidi uende kwa mtu ana kwa ana. Kama klipu inataja kabila, dini au mtaa na kuhimiza watu washambuliwe, nenda polisi siku hiyo hiyo, au kwa kiongozi wa eneo lako unayemwamini, na usiisambaze hata kwa nia ya kuilaani. Kama sauti au sura iliyoghushiwa ni yako au ya mwanao, au kuna anayekudai pesa ili asiitoe, ripoti kwenye kitengo cha makosa ya mtandao na utafute wakili, usimlipe, atarudi. Kama mdogo wako atapokea amri yoyote ya kazi kwa njia isiyo ya kawaida, aithibitishe na mkubwa wake kabla ya kuitii, kisha airipoti, maana ndani ya jeshi wapo wanaohitaji kujua kwamba jambo hilo limejaribiwa. Na kama katika grupu lako yupo ambaye tangu usiku ule halali, ana mshtuko kwa sababu aliwahi kupitia vita au fujo za kweli, usimwambie "ilikuwa uongo tu". Msindikize kwa daktari au mshauri nasaha.

Umebaki na kazi mbili ndogo. Ulishaomba radhi, lakini rudi kwenye grupu uandike kwa ufupi kilichotokea: klipu ilikuja saa ngapi, nani aliikanusha, na kwamba kuanzia sasa habari ya usalama haitawekwa humo mpaka msimamizi apate chanzo cha pili. Kila mmoja aombwe kupeleka masahihisho hayo kule alikoipeleka klipu. Kuna atakayekujibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mjibu kwa upole kwamba wenye klipu hizi wanaitegemea sana methali hiyo.

Ya pili ni klipu yenyewe. Kama bado unayo kwenye simu, usiifute wala usiitume kwa mtu mwingine. Andika mahali namba iliyokutumia, tarehe na saa, kisha ipeleke polisi ikiwa kwenye simu hiyo hiyo. Aliyekutumia aulizwe nani alimtumia, na huyo naye hivyo hivyo. Mara nyingi hatua tatu au nne za namna hiyo huwafikisha wachunguzi mbali kuliko programu niliyonayo mezani.